Nataka Kununua Fasi Jirani na Mwanangu, Ndani ya Mchezo Ambao Haujaisha

Mpendwa Mama Marcienne,

Amani ya Bwana iwe nawe hapo ku radio, pamoja na wote wanaokusaidia kusoma hizi barua zetu. Nakuomba unipatie shauri mbele mwezi huu haujaisha, juu ukichelewa shauri lako litakuwa kama mvua inayokuja kisha maharagi yamekwisha kukauka, na mimi nimechoka, mama, nimechoka mpaka saa ya kuomba napiga magoti na kukosa neno la kusema, nabaki tu pale chini kama mutu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Mimi ni mujane wa miaka hamsini na mbili, mutu wa Kivu ya Kusini, kule juu kwenye milima ya ng'ombe, na hapa Nakivale, ku kambi ya wakimbizi ya Uganda, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Masomo yangu yaliishia la sita, lakini Neno la Mungu nimelimaliza lote mara tatu, kwa hiyo fasi utakapoona maandiko yangu yamepinda, unyooshe wewe mwenyewe.

Mungu alinibakishia mutoto mumoja, Ezira, sasa ana miaka makumi mbili na moja. Wakati wa kukimbia yeye alitangulia na baba yake mudogo, Semahoro, wakamwandika ku karatasi yao, mimi nikafika nyuma nikaandikwa peke yangu, na sikuona ubaya, nilisema karatasi ni karatasi, tumbo ni tumbo. Kumbe karatasi ndiyo inayopanda ndege. Walipoitwa kwenda Amerika, sasa ni miaka tatu, Ezira alikwenda nao, na mimi mpaka leo ningali nangojea jina langu ku ubao.

Alikuwa ananipigia kila Jumapili kisha ibada, bila kukosa. Tangu miezi munane hapigi tena. Nikimupigia mimi, haiingii. Semahoro nikimuuliza ananijibu, "Shemeji, yuko muzima, amehamia muji mwingine juu ya kazi. Ni mwanaume sasa, umuache apumue." Nimuache apumue! Kama vile mimi ndiye nilimushika shingo.

Basi nikasema ni simu ndiyo iliharibika. Usinicheke, mama. Mwezi uliopita nilipanda gari mpaka Mbarara, nikaenda Kakoba kwa Gatete, mutu wa kwetu anayetengeneza simu na kompyuta, ana bibi na batoto bane, si mutu wa ovyo. Nikamupatia simu, nikamwambia aiangalie, juu mutoto wangu hawezi kuingia. Akaifungua, akaipuliza, akatoa yake akanipigia, ikalia.

"Mama Ezira," akasema, "hii simu haina kosa."

"Angalia muzuri. Labda ni upande wa Amerika ndiyo ulikufa."

"Mama, simu haina upande wa Amerika."

"Basi juu ya nini haiingii?"

Akawa anarudisha vis zake, ile misumari midogo ya kuzungusha, moja moja. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Ezira huyu, ni yule wa marehemu Uwitonze? Mwenye kovu ku kidevu?"

"Ndiye huyo."

"Aa, mama. Mimi niko naye kila siku."

Kumbe kuna muchezo wa ku kompyuta, na si wa kupigana bunduki, ni kama nchi nzima. Batu wanaingia humo kutoka kila fasi ya dunia, kila mumoja anachukua lupango lake, kiwanja cha kununua, anajenga, analima, anafuga, na wanasikilizana kwa sauti huku wanatumika. Vijana wetu waliotawanyika, wa Amerika, wa Ostralia, wa Nairobi, wamechukua mulima mumoja mule ndani na kuujenga kama kwetu. Gatete akanivutia kiti. Mimi jicho la kushoto limefunikwa lote na mtoto wa jicho, na la kuume limeanza, kwa hiyo nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Na nikaona, Mama Marcienne. Niliona nyumba ya mabati yenye mulango unaotazama zizi, vile baba yake alivyoujenga, batu wote wakimucheka kwamba anataka kulala akihesabu pembe. Niliona kijito chini. Niliona ng'ombe, na Gatete akanisomea majina yaliyoandikwa juu ya migongo yao: Gaju. Bihogo. Ni ng'ombe wetu wenyewe, wale walionyang'anywa ile siku moja pamoja na roho ya baba yake. Ezira alikuwa na miaka tisa. Sikujua kama anayakumbuka yale majina, hatujayataja mu nyumba yangu tangu pale.

Ng'ombe mumoja alikuwa amezama mpaka tumbo ku udongo. Nikapiga kelele, "Bamutoe! Atakufa!" Vijana waliokuwa pale kwa Gatete bakacheka mpaka bakashika mbavu. Gatete akasema, "Hapana, mama, muchezo haujaisha, wenyewe wangali wanautengeneza, ni vile tu. Hata kijito, angalia, maji yamesimama. Mvua ikinyesha inaingia mpaka mu nyumba."

"Na banauza nyumba yenye mvua ndani?"

"Mama, na wewe hapa Nakivale si uliingia mu hema mbele ya kuingia mu nyumba?"



Upande wa juu wa nyumba ya Ezira kuna fasi ndogo ameizungushia mawe, hajajenga kitu, hata ng'ombe haziingii. Nilifikiri labda ni kaburi la baba yake, yule ambaye hatukumuzika. Sikuuliza.

Tena ku ile nyumba moshi ulikuwa unatoka. Gatete akaniambia mwenye nyumba akiingia mu muchezo moshi unatoka, akiondoka moshi unakatika. Kwa hiyo ile saa mutoto wangu alikuwa mule, ameketi fasi fulani ya dunia, anapumua. Gatete akasema, "Nimwambie uko hapa?" Nikamushika mukono. Nikasema, usithubutu. Nikakaa pale naangalia moshi mpaka nilipoambiwa gari la mwisho la kupitia Kabingo linajaza batu.

Sasa shida yangu ni hii. Gatete ananieleza kwamba batu wanaoingia sasa, muchezo haujaisha, wanaitwa waanzilishi, wanalipa kidogo na kujichagulia fasi, na mwezi ukiisha bei inapanda. Upande wa chini wa Ezira kuna lupango halina mutu. Naweza kulinunua, nitumie kompyuta ya Gatete kila siku ya soko, na niingie na jina lolote, hata la mwanaume. Hapo ndipo roho yangu ilikamatwa. Sitaki kumusumbua, mama. Nataka tu nijenge kajumba pale chini, niwe jirani asiyejulikana, nimusikie akiita ng'ombe, nione moshi, nirudi Nakivale nilale. Na haraka yangu unaielewa wewe kama uliingia hapa kama sisi: wale waliotutangulia walipata fasi karibu na ziwa, udongo mweusi, na sisi tuliochelewa tukapewa mawe kule juu, mpaka leo jembe langu linalia kama kengele. Nilijifunza kwamba fasi nzuri ni ya mwenye kufika wa kwanza. Nikingojea mpaka muchezo uishe, atawekwa mutu mwingine karibu na mutoto wangu, na mimi nitapewa mulima wa mbali.

Lakini Gatete ni mukristo, hakunificha ya mbele. Alisema siku wale wenyewe watakapomaliza kazi yao wanaweza kufagia yote, nyumba, ng'ombe, mulima, ili kila mutu aanze upya sawasawa. Siku hawajaisema. Tena wanaweza kuchoka tu, wafunge mulango, na hakuna wa kukurudishia chako. Mama, hilo neno kufagia nalijua. Mara ngapi mutu mumoja anaweza kufagiwa?

Na sasa nifike ku dhambi. Feza yenyewe ninayo, lakini si yangu. Bamama wa kikundi chetu cha maombi walichanga juu ya jicho langu. Walipima maharagi, wengine walitoa ku ile posho yenyewe inayopungua kila mara. Kule Ruharo, ku hospitali ya macho, walinipima wakanipa tarehe, ni tarehe ishirini na ine ya mwezi huu. Kila nikipita, Mama Mukakalisa, mukubwa wa kikundi, anapiga kelele mbele ya batu, "Wewe, usitukimbie na jicho letu!" na wote wanacheka, na mimi nacheka, na ile feza iko ku mukebe wa maziwa chini ya kitanda, na kila asubuhi mukono wangu unakwenda pale.

Utaniuliza juu ya nini nisiingie kwa jina langu, au nisimutume Gatete amuite. Naogopa atakimbia na mule pia. Nitakuambia ya ile siku ya mwisho, ingawa haina neno kubwa. Alipiga siku ya tatu ya kazi, Jumatano mchana, bamama kumi na wawili walikuwa kwangu tunaomba. Akasema, "Mama, uko peke yako?" Nikajibu, "Mwanangu, mimi siko peke yangu kamwe, niko na Yesu." Akacheka kidogo. Nikaweka simu mu haut-parleur wote wasikie, juu nilijua mutoto wa Kikristo akiwa na shida, ni shida ya kanisa. Akaanza kusema. Alisema anakata kuku usiku mu kiwanda, vidole havifungi tena, mchana akilala anasikia ile siku ya ng'ombe, kitu kinachomutuliza ni muchezo mumoja tu. Akasema, "Mama, kuna siku naona ingefaa nilale nisiamke." Hapo Mama Mukakalisa akasimama: "Toka! Roho ya muchezo, toka kwa jina la Yesu!" Tukasimama wote, tukapiga makofi, tukakemea, na sauti yangu ndiyo ilikuwa juu kuliko zote. Tuliposema Amina, nikachukua simu, imekwisha kukatika. Tukashukuru. Tulisema pepo amekimbia.

Sasa niambie, Mama Marcienne. Nichukue feza ya jicho ninunue lupango mbele bei haijapanda, kisha nitafute ya kurudisha pole pole? Au niachilie, na siku wakifagia ule mulima nisijue hata moshi wake uliishia wapi? Mimi naona pande zote mbili ni giza, na kwangu giza si maneno.

Ninaandika hapa chini jina lake lote, na la baba yake, na muji aliokuwa anakaa. Nakuomba ulisome mu radio mara mbili, pole pole, juu wanasema ku internet munasikika mpaka Amerika.

Ni mimi mama yake, Nakivale.

* * *

JIBU LA MAMA MARCIENNE

Mama Ezira,

Nilisoma barua yako mara mbili kabla ya kuileta hewani, na baada ya ile ya pili nilitoka nje kidogo nikasimama. Pole, dada yangu. Ipokee hiyo pole yote, ni ya kweli. Ukishaipokea ukae vizuri, maana sasa nitakugombeza.

Wasikilizaji wajue kwamba kijana huyu haitwi Ezira. Jina lake nimelibadilisha, na la baba yake, na la baba mdogo, na la mkubwa wa kikundi, na la fundi, na la mtaa, hata ng'ombe nimewapa majina mengine. Mama huyu aliniomba nimtangaze mwanawe kwa jina kamili, mara mbili, polepole. Hiyo karatasi ya jina nimeikunja, nitakurudishia mkononi. Umeelewa kwa nini? Kama bado, endelea kusikiliza.

Usinunue. Hilo ndilo jibu la swali uliloniuliza, na ni dogo kuliko unavyofikiri. Ile fedha ina wenyewe, na kila mmoja alipopima maharage yake alikuwa akiona jicho lako, si kiwanja. "Nitarudisha polepole" ni wimbo, tunaujua wote, na hakuna aliyewahi kuusikia ukifika mwisho.

Halafu unakimbilia nini? Nakivale walipima kwa kamba, na ziwa lina ukingo mmoja, ndiyo maana waliochelewa walipewa mawe. Mimi pia nililima mawe hayo, najua mlio wa jembe lako. Lakini ndani ya kompyuta hakuna anayepima kwa kamba. Wale wenye mchezo wakitaka mlima mwingine, wanauumba kabla chai yao haijapoa. Fundi wako si mwizi, hata alikueleza hatari zote, na hilo namshukuru. Ila ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara akikwambia bei inapanda mwisho wa mwezi, anasema ukweli unaomfaa yeye. Kitu kisichokwisha kutengenezwa, ambacho mwenyewe anaweza kukifagia siku asiyoitaja, hununuliwa na mtu ambaye akikipoteza atacheka. Wewe hutacheka.

Na huo ujirani wenyewe! Ungekaa pale chini na jina la mwanaume, pua kwenye kioo, unamchungulia mwanao. Ungeweza siku ngapi? Ng'ombe wa kwanza kuzama ungepiga kelele "Bamutoe!" na angekujua kwa sauti. Siku hiyo ungekuwa umemnyang'anya na hicho kilima.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Uliliandika karibu na mwisho, ukasema halina neno kubwa.

Mwanao ni mtoto wa Jumapili. Siku ile alipiga Jumatano. Mtoto anayepiga simu siku isiyo yake ana jambo, na mama anayejua saa ya mvua na maharage kama wewe ulipaswa kulijua kabla hajafungua mdomo. Akakuuliza kama uko peke yako. Ukamjibu Yesu. Yesu alikuwepo, sawa, lakini kijana hakuuliza habari zake, alitaka kujua nani mwingine anasikia. Walikuwa wanawake kumi na wawili, nawe ukaficha kumi na wawili nyuma ya mmoja. Mimi ni mwombaji, dada, sikemei maombi. Kuna maombi ya kusanyiko, na kuna neno ambalo mtu humwambia mama yake mlango ukiwa umefungwa. Alikuja na la pili, ukaligeuza la kwanza, na mlipomaliza mkashukuru. Hakukimbia pepo pale. Alikimbia yeye.

Simu yako haikuwa na kosa. Fundi alikwambia.

Najua hukufanya kwa ubaya. Ulifanya unavyojua, ulimpeleka mwanao mahali unapopeleka kila kitu kizito. Lakini kutokujua hakukumpunguzia yeye aibu hata kidogo, kwa hiyo usikae ukijililia. Una kazi.

Ya kwanza ni leo, kabla hujala. Kijana akisema ingefaa alale asiamke, hayo si maneno ya kukemewa, na si maneno ya kukaliwa miezi minane. Mpigie Semahoro. Toka uende mahali pasipo na sikio la mtu, umwambie maneno yale kama yalivyosemwa, usiyapunguze, usiyaongezee pepo. Yeye hajui. Kwa sababu hajui, ndiyo maana anakwambia umwache apumue. Mwambie asipige simu tu, apande gari aende huo mji mwingine amwone kwa macho, akae naye, aulize wazi, na ampeleke kwa madaktari wa mambo hayo, maana huko waliko wapo. Wewe umeshiba moshi, mama. Moshi unasema amewasha kompyuta. Hausemi ameamkaje.

Ya pili ni kwa fundi, na ni bure. Mpelekee ujumbe wa kumfikishia mwanao mule ndani, wao wawili tu, wale vijana wengine wasiwepo. Usiweke mstari wa Maandiko. Usiweke "bamama wanakusalimia". Usiweke "nipigie". Andika hivi: *Siku ile uliniuliza kama niko peke yangu, sikukujibu kweli. Nilikuweka mbele ya watu. Nilikosa. Niliona nyumba na ng'ombe. Mama.* Hao ng'ombe wataje kwa majina yao, yale ya kweli. Kisha inuka kwenye hicho kiti uende zako, usikae kungoja jibu na pua yako kwenye kioo. Kama unataka kuogopa siku ya kufagiwa, iogope kwa hili: siyo kiwanja kitakachokupita, ni mlango pekee unaojua kwamba yuko nyuma yake. Bisha wakati bado upo.

Ya tatu, tarehe ishirini na nne uwe Ruharo asubuhi na mapema, na ule mkebe mkononi. Mama Mukakalisa muombe akusindikize, anastahili kuona jicho lake likifunguliwa. Lakini habari za mwanao hata yeye usimpe. Akiuliza, mwambie, "Hiyo sijapewa ruhusa ya kuisema." Atanuna. Kununa kwa mtu mzima hakuui.

Kuhusu ile fasi ndogo iliyozungushiwa mawe, sijui kama ni kaburi, sijui kama ni bustani, sijui kama ni ya mtu anayengojewa. Wewe hujui, na mimi sitakuuzia tumaini nisilokuwa nalo. Ikitokea mkaongea tena, usianze na kazi wala kanisa. Muulize pale ni pa nini. Ukishauliza, nyamaza, hata kimya kikichukua muda mrefu.

Huenda asijibu. Nakwambia sasa ili usije ukasema nilikudanganya. Wako wanaojeruhiwa wakarudi, na wako wanaokaa mbali mpaka mwisho, na hakuna barua wala mfungo unaowalazimisha. Wale watu wanaweza kufagia mlima wao kesho kutwa na usimwone tena. Utakuwa umeomba radhi ukiwa huna mkononi hata moshi. Ni kidogo, najua. Ndicho kilichobaki chako.

Lakini simu hiyo usiizime. Ikilia, iwe Jumapili au Jumatano, hata kama mko katikati ya maombi na Mama Mukakalisa amesimama, toka nayo. Pita nyuma ya nyumba, mpaka kwenye mawe yako. Iweke sikioni. Na akikuuliza tena kama uko peke yako, tazama kushoto, tazama kulia kwa jicho watakalokuwa wamekufungulia, kisha umjibu kweli.